Al-Kindi: Mfumbuzi wa Siri Aliyenyang'anywa Vitabu

Si kitambo kirefu kilichopita nilikwenda kuchukua matokeo ya kipimo cha damu katika zahanati moja ambayo sina haja ya kuitaja. Karani alikuwa ametoka kidogo. Mezani, hatua mbili kutoka kwenye benchi tulilolikalia watu wanane au tisa, daftari kubwa la wagonjwa lilikuwa limeachwa wazi: jina, umri, mtaa, ugonjwa, dawa. Sikukusudia kusoma, ila macho hayana pazia. Kabla karani hajarejea nilikwisha kuliona jina la mtu ninayeamkiana naye kila asubuhi langoni petu, na mkabala na jina hilo ugonjwa ambao mwenyewe hajapata kunitajia. Tangu siku hiyo namwamkia kwa haya, kana kwamba nimemwibia kitu. Na kwa kweli nimemwibia.

Karani aliporudi nilimuuliza kwa adabu kama daftari lile halingeweza kufungwa. Alinituliza kwamba muda si muda kila kitu kitatiwa katika tarakilishi, na kwamba humo hapatakuwa na wasiwasi wowote, maadamu hakuna ajuaye jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi isipokuwa kampuni iliyouunda. Niliondoka nikilitafakari jibu hilo. Yule bwana, kama walivyo wengi wetu, alichanganya mambo mawili yasiyofanana hata chembe: siri ya mtu na siri ya chombo. Siri ya mgonjwa ni amana. Siri ya chombo, aghalabu, ni kificho cha kasoro zake. Na aliyenijia akilini kuwa aliishi maisha yanayotutenganishia mambo haya mawili ni mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, Abu Yusuf Ya'qub bin Is'haq al-Kindi, ambaye Waarabu humwita mwanafalsafa wao.

Al-Kindi alizaliwa yapata mwaka 801 huko Kufa, nchini Iraki, ambako babake alikuwa liwali. Ukoo wake ulikuwa wa kabila la Kinda, lililopata kuwa na wafalme huko Arabuni kabla ya Uislamu, na kwa hivyo hakuwa mtu wa kuhangaikia chakula cha jioni. Alisomea Basra na Baghdad. Baghdad ya wakati huo ilikuwa chini ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hadi 833, naye alikuwa mtu wa kulipia tafsiri kama wengine walivyolipia farasi. Baada yake akaja nduguye al-Mu'tasim, ambaye alimwamini al-Kindi hata akamkabidhi mwanawe Ahmad amfundishe.

La kustaajabisha ni kwamba huyu aliyeingiza falsafa ya Kiyunani katika Kiarabu hakuwa mfasiri. Alikuwa kiongozi wa wafasiri. Alizungukwa na Wakristo wa Shamu waliojua Kiyunani, miongoni mwao Ustath, aliyemfasiria kitabu cha Aristotle juu ya metafizikia, na Ibn Na'ima wa Homs, ambaye tafsiri yake al-Kindi aliisahihisha kwa mkono wake. Sisi wanaisimu tunajua uzito wa kazi hiyo: kuunda istilahi mahali pasipo na istilahi, kuinyoosha lugha ya jangwani na ya mashairi mpaka iweze kubeba dhana ambazo haijapata kuzibeba. Wapo waliomlaumu kwa kuchota maarifa kwa makafiri. Katika kitabu chake juu ya Falsafa ya Kwanza, alichomtunukia al-Mu'tasim, aliwajibu kwamba ukweli haumvunjii mtu heshima hata ukitoka kwa mataifa ya mbali, na kwamba kila kizazi huongeza kidogo juu ya kile kilichoachwa na waliotangulia. Ama wale walioizuia elimu kwa kisingizio cha dini, aliwatuhumu kwamba walikuwa wakilinda vyeo vyao tu.

Basi huyo ndiye aliyeandika risala ya kwanza tuliyo nayo juu ya kufumbua maandishi ya siri.

Hapa niruhusu, msomaji mpendwa, nisimame kidogo kwenye maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Waarabu waliyaita maandishi ya siri al-mu'amma, neno linalotokana na mzizi wenye maana ya upofu. Kuficha maneno ni kumfanya msomaji kuwa kipofu. Sisi Waswahili hatukuliazima neno hilo, lakini tulifika palepale kwa njia yetu wenyewe. Anayefumba macho na anayefumba maneno hutumia kitenzi kimoja, na fumbo hufumbuliwa kama jicho linavyofumbuliwa. Nao Wazungu walichukua neno la Kiarabu lenye maana ya utupu, lile tunalolitamka sifuri, wakaligeuza likawa jina la tarakimu na hatimaye jina la maandishi ya siri yenyewe. Al-Kindi, ambaye pia aliandika juu ya hesabu za Kihindi, angecheka kuona safari hiyo.

Hakuwa wa kwanza kuvutiwa na jambo hili. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Omani na baba wa elimu ya arudhi, alikwisha kutunga kitabu juu ya mafumbo katika karne ya nane, na husimuliwa kwamba aliifumbua barua ya Kiyunani kwa kubahatisha kwamba lazima ilianza kwa jina la Mungu. Kitabu hicho kimepotea. Al-Kindi alilichukua wazo hilo akaligeuza kutoka bahati hadi hesabu. Alieleza kwamba anayetaka kufumbua maandishi na aijue lugha yake kwanza, kisha achukue maandishi mengine marefu ya lugha hiyohiyo yasiyofichwa, ahesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Yeye mwenyewe alihesabu. Katika herufi 3,667 alizozipitia, alifu ilitokea mara 600 na lamu mara 437. Baada ya hapo mfumbuzi hugeukia yale maandishi ya siri, ahesabu alama zake, na ile iliyotokea sana kuliko zote aidhanie kuwa alifu, ya pili yake lamu, na kadhalika. Aliongeza kwamba zipo herufi zisizokaa jirani katika neno moja, na kwamba zipo dibaji ambazo waandishi hawaziachi. Akaonya kuwa maandishi mafupi mno hayana hesabu ya kutegemewa.

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu kazi hiyo juu ya ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili. Herufi a huongoza daima, wala haina mshindani wa karibu. Sababu zake si ngeni: viambishi vya wa-, ya-, na za-, kihusishi cha -a unganifu, na vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu ambavyo hupenda kuishia kwa irabu hiyo. Fauka ya hayo, silabi zetu za asili ni wazi, kwa hiyo mfumbuzi akishajua mipaka ya maneno anajua pia kwamba alama ya mwisho ya karibu kila neno ni moja kati ya irabu tano tu. Mtu akiniandikia barua ya siri kwa Kiswahili kwa kubadilisha herufi moja kwa alama moja, nitaisoma kabla chai haijapoa. Wanafunzi hucheka, kisha hunyamaza, kwa kuwa wengi wao walikwisha kuandikiana hivyo shuleni.

Swali ambalo huulizwa kila mara darasani ni hili: kwa nini al-Kindi aliifichua mbinu hiyo? Mtu aliyekuwa karibu na baraza la khalifa, ambako barua za siri zilipita kila siku, angeweza kuifanya rasilimali yake pekee. Yeye aliiandika kwa lugha nyepesi, kwa mpango, akaainisha aina za mafumbo kama mwanasarufi aainishavyo nomino. Matokeo yake hayakuwa kuangamia kwa siri. Mbinu ikishajulikana, wenye siri hulazimika kutafuta kufuli bora. Waitaliano wa karne ya 15, akiwemo Leon Battista Alberti, walibuni mafumbo yanayobadilisha alfabeti katikati ya maandishi, ili hesabu ya herufi isiambulie kitu. Na mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha lugha huko Ufaransa (hatukosekani popote, sisi watu wa lugha), alieleza kwamba mtambo mzuri wa siri ni ule usiopata madhara hata ukiangukia mikononi mwa adui, kwa kuwa kinachofichwa ni ufunguo, si kufuli. Marekani ilipotaka kufuli jipya la tarakilishi mwaka 1997, iliualika ulimwengu mzima ulete mapendekezo na uyavunje hadharani. Mapendekezo 15 yalishindana kwa macho ya wote, na lililochaguliwa mwaka 2000 lilikuwa la Wabelgiji wawili. Hilo ndilo linalolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya dunia hadi leo.

Kwa hiyo anapotokea mtu kuniambia kwamba programu fulani ni salama kwa sababu hakuna aijuaye, mimi huingiwa na hofu. Programu huria, ambazo maandishi yake yako wazi kwa kila anayetaka kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha, huonekana kama nyumba isiyo na mlango. Sivyo. Ni nyumba ambayo ramani yake imebandikwa barazani na ufunguo wake umebaki mfukoni mwa mwenyewe.

Nirudi kwa al-Kindi, maana alikuwa pia mtu wa dawa. Waganga wa zama zake waliamini kwamba kila dawa ina joto au baridi, ukavu au unyevu, kwa daraja nne walizorithi kwa Galen. Shida ilikuwa moja: mganga akichanganya dawa tano, mchanganyiko huo una daraja gani? Al-Kindi alitaka hesabu. Alisema kwamba katika daraja la kwanza joto ni maradufu ya baridi, katika la pili ni mara 4, katika la tatu mara 8, katika la nne mara 16. Mtumiaji wa tarakilishi atazitambua namba hizo mara moja. Risala yake ilifasiriwa kwa Kilatini na ikasomwa Ulaya kwa karne kadhaa.

Sitaki kumtukuza kupita kiasi. Msingi wa nadharia hiyo haukuwa wa kweli. Dawa haifanyi kazi kwa joto na baridi za namna ile. Aliamini unajimu pia, na kwa moyo wote. Lakini kwa kuwa aliweka hesabu yake hadharani, hatua kwa hatua, Ibn Rushd wa Andalusia aliweza baada ya karne tatu kunyoosha kidole mahali hasa alipodhani pamekosewa. Vivyo hivyo alipowashutumu wale waliodai kugeuza madini kuwa dhahabu, ar-Razi, tabibu mkuu, aliandika kumpinga. Tiba yetu ya leo haikurithi majibu ya al-Kindi. Ilirithi tabia ya kumwonyesha mwenzako ulivyofikia jibu. Mganga anayekupa kikombe na kukuficha kilichomo hata akiponya hakuna anayejifunza kwake, na akiua hakuna anayejua kwa nini.

Kuna kisa ambacho Ibn al-Qifti, mwandishi wa karne ya 13, amekihifadhi. Al-Kindi alikuwa na jirani, mfanyabiashara tajiri, aliyekuwa hodari wa kumsengenya. Mwana wa tajiri huyo ndiye aliyeshika hesabu zote za biashara: nani anadai, nani anadaiwa, mali iko wapi. Siku moja kijana akapigwa na kiharusi, akalala asisikie wala asiseme. Waganga wa Baghdad wakashindwa. Baba mtu, kwa shingo upande, akaambiwa kwamba mtaani pake yupo mjuzi asiye na mfano, ila ni yuleyule aliyekuwa akimchafua. Akatuma watu kumsihi. Al-Kindi alikuja bila ya kinyongo, akaushika mshipa wa mkono wa kijana, akaagiza waletwe wanafunzi wake wanne mafundi wa udi. Wakapiga kwa mtindo aliowaelekeza, muda mrefu, huku mkono wake haujauacha mshipa. Pumzi ya kijana ikapata nguvu, akajongea, akaketi, akasema. Al-Kindi akamwambia baba aulize upesi yale anayoyahitaji na ayaandike. Baba akauliza, mwana akajibu, kalamu ikaandika. Wapigaji walipoghafilika wakaacha mtindo ule, kijana akarudi alivyokuwa. Baba akaomba waendelee. Al-Kindi akamweleza kwamba yale yalikuwa masalio ya uhai wake, wala hakuna binadamu awezaye kuuongeza muda ambao Mungu ameukata.

Watu wa muziki hukipenda kisa hiki kwa ajili ya udi. Mimi hukipenda kwa ajili ya daftari. Al-Kindi alikuwa chumbani, ameushika mkono wa mgonjwa, na siri zote za biashara ya adui yake zikitajwa kwa sauti. Ibn al-Qifti hatusimulii hata deni moja. Tunajua jinsi tiba ilivyofanywa, mpaka idadi ya wapigaji. Hatujui aliyedaiwa.

Uzee wake haukuwa mwepesi. Al-Mutawakkil alipotwaa ukhalifa mwaka 847 upepo uligeuka. Wana wawili wa Musa bin Shakir, Muhammad na Ahmad, ambao wenyewe walikuwa wanahisabati wa kupigiwa mfano, walimchongea kwa khalifa. Nasema hivi kwa majonzi, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba adui wa elimu ni mjinga. Hawa walikuwa wasomi. Al-Kindi akapigwa. Vitabu vyake vyote vikachukuliwa, vikafungiwa katika ghala lililoitwa kwa jina lake, al-Kindiyya. Mwenye vitabu akawa nje, vitabu ndani, na ufunguo kwa waliomhusudu.

Vilirudi kwa njia ya ajabu, kama anavyosimulia Ibn Abi Usaybi'a. Khalifa alikuwa ameagiza uchimbwe mfereji wa kupeleka maji katika mji wake mpya karibu na Samarra. Wana wa Musa wakampa kazi hiyo al-Farghani, naye akakosea: mdomo wa mfereji ulichimbwa kina zaidi kuliko sehemu inayoufuata, hivyo maji yasingeingia ila wakati wa mafuriko. Khalifa akasikia minong'ono. Akamwita mhandisi Sanad bin Ali, ambaye ndugu hao walikuwa wamemfukuza barazani, akague. Na akaapa kuwatundika iwapo ni kweli. Ndugu wakamlalamikia Sanad awaokoe. Alikuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi. Aliwaambia kuwa hatasema neno mpaka al-Kindi arudishiwe vitabu vyake, na akadai barua ya al-Kindi mwenyewe ikithibitisha kwamba amevipokea mpaka cha mwisho. Barua ikaja. Sanad akawaeleza kwamba mto Tigris ulikuwa unajaa na kosa lao lingefichika kwa miezi minne, kisha akamhakikishia khalifa kwamba mfereji hauna dosari. Kabla maji hayajapungua, Desemba 861, al-Mutawakkil aliuawa na walinzi wake.

Kila nisomapo habari hiyo huwakumbuka wale wanaotuahidi kwamba taarifa zetu zote zitakuwa salama zikikusanywa mahali pamoja chini ya kufuli moja. Nchini Kenya tulipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Januari 2020 Mahakama Kuu iliizuia serikali kukusanya chembe za nasaba, DNA, kwa ajili ya usajili wa kitaifa. Si haba. Lakini sheria haikulifunga daftari la zahanati niliyokwenda. Wala hatukosi mfano mwema hapa nyumbani. Eldoret, katika mpango wa tiba ambao Chuo Kikuu cha Moi ni mshirika wake, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kutumia OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kuundwa mwaka 2004. Daktari wa Peru au mwanafunzi wa Kisumu anaweza kuisoma programu hiyo mstari kwa mstari na kuonyesha kasoro yake. Jina la mgonjwa wa Eldoret halimo katika mistari hiyo.

Al-Kindi alifariki Baghdad yapata mwaka 873. Ibn an-Nadim, muuza vitabu aliyeishi karne moja baadaye, aliorodhesha zaidi ya vitabu na risala zake 200. Nyingi hazipo tena. Falsafa ya Kwanza imetufikia sehemu tu, kwa mswada mmoja. Risala ya kufumbua siri ililala Istanbul katika maktaba ya Süleymaniye bila ya kujulikana sana, hata wanahistoria wa miaka ya 1960 wakadhani kuwa elimu hiyo ya Waarabu ilianzia karne ya 14, mpaka wasomi wa Damascus walipoichapisha mwaka 1987. Kilichonakiliwa na wengi kilisalia. Kilichokaa na wachache kiliponea chupuchupu.

Kilichosalia bila ya shida yoyote ni ugonjwa wake. Abu Ma'shar, mwanafunzi wake aliyeanza kama hasimu, ndiye aliyeutangaza, na waandishi wa tabaka za wanafalsafa wakaupokea mmoja baada ya mwingine: kwamba mzee aliumwa goti, kwamba alilitibu kwa mvinyo wa zamani, kwamba alitubu akaacha mvinyo akanywa asali, na kwamba asali haikufaa, maumivu yakapanda mpaka kichwani. Nami, baada ya miaka 1,100 na ushei, nimeyasoma hayo kama nilivyolisoma daftari lile la mezani.